Afisa wa maji aanze kazi mtoni

Mwaka 1989 Mto Tana ulihama. Uliacha mkondo wake karibu na pampu za mradi wa umwagiliaji wa Hola, mashamba yakakauka na mradi ukaanguka. Mto wenyewe haukuwa na kasoro. Ukishafika nyanda za Garissa, Tana hutembea: hula gema upande huu, humwaga mchanga upande ule, hukata kona na kuacha ziwa nyuma yake.

Anayefunzwa kusimamia mto huu aanzie hapo, kabla ya hesabu za zege. Ukijenga gabioni (makasha ya waya yaliyojazwa mawe) upande wa Garissa mjini, huenda maji yakasukumwa ng'ambo, Madogo, ambako ni kaunti nyingine yenye gavana mwingine. Kanuni za maji za 2007 zilitenga ukingo wa kati ya mita 6 na 30. Sawa, lakini mto ukihama, kigingi cha mpaka cha mwaka juzi kinapima nini?

Mafuriko nayo yana somo lake. Kule juu mtoni kuna mabwawa matano, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, kubwa kuliko yote likiwa Masinga. Yamepunguza mafuriko ya kawaida, yaliyokuwa yakilowesha mashamba ya Wapokomo na kulisha misitu ya mtoni. Mpopla wa Tana, kwa mfano, huota kwenye mchanga mpya ulioachwa na maji. Bila mafuriko, miche haipatikani. Mafuriko makubwa, hata hivyo, bado yanapita: Novemba 2023 barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika Madogo, na Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilizama Kona Punda. Kwa hiyo mtu wa bwawa na mtu wa Garissa wangefaa kusoma darasa moja, wajue maji yakifunguliwa huku yatafika kule lini, na mtaa gani uhame mapema.

Lakini darasa pekee halitoshi. Mfugaji anajua malka ipi, yaani njia ya mifugo kwenda mtoni, ina mteremko salama kwa ngamia. Mkulima anajua gema lipi litaporomoka. Maarifa hayo hayana cheti, na ndiyo maana hupuuzwa mikutanoni.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kaunti za Garissa na Tana River: kila afisa mpya akae ukingoni msimu mzima wa mvua, pamoja na wafugaji na wakulima hao, kabla ya kukabidhiwa kalamu ya kuidhinisha ukuta wowote.