Peugeot 404 ya Marangu na kikomo cha miaka minane

Mchezo ulianza kabla ya kufika Kajiado. Mama ndiye aliyetoa kanuni: atakayekuwa wa kwanza kuona gari lililomzidi baba umri, apewe alama moja. Baba, muuza vipuri wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, alizaliwa 1974, kwa hiyo kazi haikuwa nyepesi. Mvulana wa miaka 13 alishika dirisha la kulia, dada yake wa miaka tisa la kushoto. Hadi Namanga walikuwa na alama mbili tu: trekta, iliyozua ubishi, na Landrova isiyo na magurudumu iliyogeuzwa banda la kuku.

Gari walilopanda halikuhesabiwa. Ni Peugeot 504 ndefu ya 1983, zile Pijo zilizobeba abiria wa Nakuru na Kisumu kabla ya matatu za Kijapani kutawala barabara. Kwa kanuni ya mama, hiyo ni changa.

Walikuwa wakielekea Mombasa kwa likizo ya Desemba. Njia ya kawaida ni kushuka moja kwa moja kupitia Voi. Kuzunguka Namanga, Arusha, Moshi na Taveta ni kuongeza siku na mafuta, na sababu ya mzunguko huo waliijua watu wazima wawili tu. Dereva mmoja wa lori alikuwa amempasha baba habari kwamba Marangu, chini ya Kilimanjaro, kuna mzee mwenye Peugeot 404 ya 1971, haijapigwa rangi mara ya pili, na wanawe wanataka auze. Babu wa watoto hawa aliendesha teksi ya aina hiyo. Baba alikuwa ameweka fedha miaka minne.

Namanga, ambako forodha na uhamiaji wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, aliandikisha gari lake kwa hati ya kuingia kwa muda, akaonyesha kadi ya njano ya bima, na akatangaza boksi la gasketi na plagi alizokuwa amebeba. Alijua kwamba hati nyepesi ya asili ya bidhaa, ile ya wafanyabiashara wadogo kwa mzigo usiozidi dola 2,000, isingemfaa, kwa kuwa ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na gasketi zake ni za Ufaransa. Akalipa.

Kisha akauliza swali lililomleta. Je, akinunua gari Tanzania, anaweza kulisajili Kenya? Ofisa akauliza umri wa gari. Alipotajiwa 1971, aliweka kalamu chini.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Uganda imeweka kikomo cha miaka 15. Tanzania haikatazi, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Kanuni hizi ziliwekwa kuzuia mitumba iliyochoka kutoka ng'ambo, na kwa hilo zina maana. Lakini hazitofautishi kati ya gari lililotoka Japani juzi na lile lililozeekea kilomita chache kutoka mpakani. Na aliyedhani angeliingiza kwa hati ya muda kisha aliuze huko aachane na wazo hilo: gari la hati ya muda hurudi lilikotoka, na kuliuza ni kosa la forodha.

Baba alirudi kwenye usukani kimya. Mama akauliza kama wageuze. Akasema mzee anawasubiri.

Arusha waliokota alama tatu kwa mkupuo. Iliyowafurahisha zaidi ilikuwa Volkswagen yenye mgongo wa kobe katika gereji karibu na soko. Mwenyewe, fundi wa bodi, huitoa Jumapili kwenda kanisani tu. Aliwaeleza watoto kwamba Volkswagen ya namna hiyo ndiyo iliyong'ara katika mashindano ya kwanza ya Safari, mwaka 1953, yalipopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mvulana hakuamini mpaka alipoonyeshwa picha iliyobandikwa ukutani.

Marangu walifika saa kumi jioni. Mzee, mhasibu mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, alikuwa amevaa koti.

"Shikamoo, babu," watoto walisema pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Mmelala njiani?"

Gari lilikuwa chini ya banda la mabati, limefunikwa shuka. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi ya plastiki vilivyopasuka sehemu moja tu, gia kwenye usukani. Baba alifungua boneti akasimama kidogo akiangalia injini ile iliyolazwa ubavu, kama alivyozoea kuiona utotoni. Mzee alisimulia kwamba alilinunua jipya, wakati 404 ilikuwa na jina kubwa: Bert Shankland na Chris Rothwell walikuwa wamelitoa Tanzania kifua mbele katika Safari ya 1966 na ya 1967. Tangu pampu ya maji ilipokufa halijatoka nje ya ua. Wanawe walioko Dar es Salaam wanasema linakula nafasi. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kulipigia hesabu kwa kilo.

Msichana alikuwa nyuma ya gari. Kwenye buti aliona kibandiko cha yai chenye herufi EAT.

"Babu, EAT ni nini?"

Mzee alimweleza kwamba ni alama ya gari linapokuwa nje ya nchi. Kenya ni EAK, Uganda ni EAU, Zanzibar ilikuwa EAZ. Herufi mbili za mwanzo ni Afrika Mashariki, ya mwisho ndiyo nyumbani kwako. Alikibandika 1976 alipompeleka mkewe Mombasa. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa 1983 mke alikuwa mgonjwa. Hawakurudi tena.

Ndipo baba aliposema alichoambiwa Namanga. Alikisema chote, bila kuzunguka. Mzee alisikiliza, akamwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine.

"Kwa hiyo hulinunui."

"Siwezi kulivusha, mzee."

"Na mimi je? Siwezi kulivusha?"

Anaweza. Gari lina usajili wa Tanzania, na mwenye gari ana haki ya kulipeleka Kenya kwa hati ya muda, bima ikiwepo, mradi alirudishe. Mzee aliomba arudiwe sentensi hiyo. Kisha akauliza bei ya pampu ya maji.

Walilala hapo, baada ya mtori. Asubuhi baba aliacha boksi la gasketi na kuchukua pampu mbovu iwe sampuli. Holili waliitangaza nayo, na ofisa aliigeuza mkononi akauliza kama kweli kuna mtu anayeihitaji.

Taveta, kwenye soko la ndizi, mchezo uliishia kwa ubishi wa mwisho. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa akipakia mikungu kwenye Landrova 109 ambayo umri wake hakuujua mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Alipoulizwa kama angeiuza, alicheka, akauliza nani basi angembebea ndizi. Alama akapewa msichana.

Pampu ilipatikana Nairobi wiki ya pili ya Januari, ya mtumba lakini nzima, na ilipelekwa Himo kwa basi, ushuru ukiwa umelipwa na risiti imefungwa ndani. Mzee amewaambia wanawe wangoje hadi Pasaka. Ameshaulizia bei ya kadi ya njano.