Kuanza Kuwinda Kulungu Wisconsin

Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, uwindaji wa kulungu wa mkia mweupe kwa kawaida huanzia darasani, kwa kuwa sheria inamtaka aliyezaliwa tangu Januari 1, 1973 amalize mafunzo ya usalama kabla ya kununua leseni. Msimu mkuu wa bunduki hudumu siku 9 mwezi Novemba, na wawindaji hulazimika kuvaa nguo za rangi ya chungwa au waridi inayong’aa ili watambuane kwa mbali.

Kinachowashinda wengi wanaoanza si shabaha bali upepo, kwani kulungu hunusa harufu ya binadamu mapema sana, hivyo mwindaji huketi mahali ambapo upepo unavuma kutoka kwa mnyama kumwelekea yeye. Shabaha nayo ina maadili yake: husubiriwa mnyama asimame ubavu, ndipo hulengwa nyuma ya bega, yaliko mapafu na moyo, na asiye na hakika hana haki ya kufyatua, kwani kumjeruhi mnyama akatokomea msituni ni ukatili.

Tangu 2002 jimboni humo umegunduliwa ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaoenezwa na prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, ambazo haziangamizwi kwa kupika. Anayewinda penye maambukizi na apeleke sampuli ikapimwe, na nyama isiliwe kabla ya majibu kutoka.