Ukienda Dago, Pesa Yako Isilale Kwenye Simu ya Nahodha

Kaskazi ikianza na bahari ikatulia, mazungumzo ya barazani kule Shimoni na Wasini huwa ni yale yale: mwaka huu nani anakwenda dago, na nani anakuja? Wavuvi wa Pemba huvuka wakapiga kambi Shimoni, Vanga, Gazi na Msambweni. Vijana wa Kwale nao hupakia nyavu, injini, magodoro na unga, wakaelekea upande wa Malindi, Ngomeni au Lamu. Chombo ndicho gari, ndicho stoo, na usiku mwingine ndicho kitanda.

Mtu wa dago hayuko nyumbani wiki kadhaa, pengine miezi. Huku nyumbani watoto wanasoma, duka linadai, na wakati wa ukame maji nayo huweza kuhitaji pesa. Pesa ya samaki lazima ipate njia ya kurudi kabla mwenyewe hajarudi.

Zamani ilirudi kwa kupewa mtu. Unamwamini baharia anayerudi, unamfungia noti kwenye karatasi, unaomba Mungu bahari iwe shwari. Tangu huduma za pesa kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007, njia imekuwa fupi. Lakini bado tunakutana na wavuvi wanaomaliza msimu mzima pesa zao zikiwa kwenye simu moja tu, ya nahodha. Nahodha si mwizi, wengi wao ni watu wa kuaminika kabisa. Shida ni kwamba simu ni moja na bahari haichagui.

Leo tueleze namna ya kujipanga, toka siku ya kung'oa nanga mpaka siku ya kurudi.

Kabla hujaondoka: laini iwe ya jina lako

Jiulize swali hili kwanza: laini unayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Wengi wetu tulianza na laini ya kaka, ya mjomba, au ya rafiki aliyekuwa na kitambulisho wakati ule. Nyumbani hilo halikusumbui, maana mwenyewe yuko karibu. Ukiwa Ngomeni simu ikazama, utagundua kwamba kisheria pesa ile ni ya mwenye kitambulisho. Yeye ndiye anayeweza kurudishiwa laini, na yeye yuko Mkwiro.

Kwa hivyo kabla ya safari nenda dukani kwetu au kwa mtoa huduma wako na kitambulisho chako, uhakikishe jina. Kazi hii ifanye ukiwa bado bara, usingoje mpaka uko dago.

Pili, badilisha namba yako ya siri kama kuna mtu yeyote anayeijua. Kwenye kambi watu wanalala pamoja, wanachaji simu pamoja, na mara nyingi mmoja ndiye anayetumwa kwa wakala na simu za wenzake watano. Urafiki ni kitu kizuri, lakini namba ya siri haitumwi na mtu. Mwaka wako wa kuzaliwa na 1234 ndizo namba za kwanza mwizi anazojaribu.

Tatu, andika kwenye karatasi namba tatu: ya nyumbani, ya mtu mmoja wa kuaminika, na ya huduma kwa wateja. Karatasi ifunge kwenye nailoni pamoja na kitambulisho chako na barua ya BMU yako, uiweke mbali na simu. Simu ikizama, namba zote ulizozihifadhi ndani yake zimezama nayo.

Mgao: kila mtu apokee chake siku ile ile

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Samaki wameuzwa, tajiri amemtumia nahodha pesa yote, na mabaharia wanaambiwa "tutagawana mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka vizuri siku ya Jumanne walipata kilo ngapi, wala barafu ililipwa na nani.

Tuchukue mfano. Chombo kina nahodha na mabaharia wanne. Siku hiyo wameuza samaki wa shilingi 48,000. Mafuta yalikula 6,000, barafu 2,000, chakula 1,600. Jumla ya gharama ni 9,600, kwa hivyo zinabaki 38,400. Tuseme mapatano yao ni mafungu manane: moja la chombo, mawili ya injini na nyavu, moja la nahodha, na moja moja kwa kila baharia. Kila fungu ni 4,800.

Desturi ya mgao hutofautiana kijiji na kijiji, na sisi hatuji kuwafundisha wavuvi hesabu ya chombo chao. Tunachosema ni hiki: hesabu ikishapigwa, nahodha amtumie kila baharia fungu lake jioni ile ile. Ujumbe wa simu una tarehe, saa, kiasi na jina. Hiyo ndiyo risiti. Mwezi ukiisha, kila mmoja anafungua simu yake na kusoma, na nahodha mwenyewe anakuwa amelindwa na maneno.

"Lakini kila kutuma kuna ada," utasema. Ni kweli. Ndiyo maana wenye vyombo wengine hukubaliana kutuma mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, na ada ikahesabiwa kwenye gharama kama mafuta. Hilo ni sawa, mradi mapatano yafanywe kabla ya safari, mbele ya wote.

Samaki asipande gari kabla pesa haijaingia

Ukiwa kwenu unamjua kila mchuuzi na kila mama karanga. Ukimkopesha leo, kesho utampata sokoni. Dago ni ugenini. Mnunuzi anakuja na pick-up, anapima, anapakia, kisha anakuonyesha simu yake: "Ona, nimeshatuma. Mtandao tu uko chini."

Usiangalie simu yake. Angalia yako. Tena usitosheke na ujumbe peke yake, kwa sababu ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa ukafanana na wa kweli. Ingia kwenye menyu, uliza salio. Salio likiongezeka, mpe samaki wake na mkono wa kwaheri. Lisipoongezeka, samaki abaki kwenye barafu mpaka mtandao urudi. Mnunuzi mkweli atangoja. Changu na tafi waliokwisha kuondoka na gari kwenda Mombasa hawarudishwi kwa menyu yoyote.

Kuna na ile nyingine: unapigiwa simu na mtu analia kwamba amekutumia pesa kimakosa, umrudishie haraka kwa namba nyingine. Angalia salio. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Na hata kama kimeingia, usirudishe mwenyewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja, na wewe piga huko pia. Sisi hatutakuuliza namba yako ya siri hata siku moja. Anayeiuliza si sisi.

Kiasi gani kibaki, kiasi gani kiende nyumbani

Pesa iliyo karibu na mkono hutumika. Kambini kuna chai, kuna miraa, kuna bando, kuna rafiki anayekopa. Ushauri wetu ni kuigawa kila mgao mara tatu kabla hujaigusa.

*Ya nyumbani.* Kubalianeni na mkeo au mzazi siku maalumu ya kutuma, kwa mfano kila Ijumaa. Mtu anayejua pesa inakuja Ijumaa hakopi Jumatatu. Na kama kuna karo, ilipe moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya shule ukiandika namba ya mwanafunzi. Pesa inafika shuleni bila kupita mikono mitatu.

*Ya kusi.* Kuanzia mwezi wa nne bahari huchafuka, na vyombo vidogo hushindwa kutoka nje ya miamba kwa siku nyingi. Mvuvi anaijua kusi kuliko sisi. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuweka akiba ni kitu kingine. Fungua akiba ya kufunga kwenye simu, ile unayoiwekea tarehe ya kutoa. Chagua tarehe ya mwezi wa tano. Hata 300 kwa kila mgao, ukifanya migao 40, ni 12,000 zinazokungoja wakati nyavu zimeanikwa.

*Ya matumizi.* Hii ndiyo ibaki. Usitoe taslimu nyingi kwa mara moja, maana noti zikiloa hasara ni yako, na kambi haina kufuli. Kumbuka pia kwamba mawakala wa vijiji vidogo huishiwa na pesa siku ya mavuno mazuri, wakati kila mtu anataka kutoa. Nenda asubuhi, au lipa dukani kwa simu bila kutoa.

Kitu kimoja zaidi: kama una mkopo wa simu, angalia tarehe yake kabla ya safari. Mkopo haujui kaskazi wala kusi. Siku ikifika, unaweza kukatwa kwenye pesa itakayoingia, na huenda ikawa ni ile uliyoahidi nyumbani.

Ukikaribia mpaka

Kusini ya Vanga kuna Jimbo, halafu ni Tanzania. Simu haioni mpaka kama unavyouona wewe. Ukiwa huko inaweza kushika mtandao wa upande wa pili bila kukuuliza, na salio la muda wa maongezi likaisha kwa sababu usiyoijua. Nenda kwenye mipangilio, chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiacha simu ichague.

Kama unauza upande wa pili, shilingi si moja. Kutuma pesa kati ya nchi hizi mbili kunawezekana kwa simu, ila pitia menyu ya kutuma nje ya nchi, usome kiwango cha kubadilisha na ada kabla ya kukubali. Kumpa mtu taslimu ufukweni "akubadilishie" ni kumwachia yeye achague kiwango.

Simu ikizama

Itazama. Kama si msimu huu, ni ujao. Kwanza tulia: pesa haimo ndani ya simu. Imo kwenye akaunti yako, kavu. Simu ilikuwa mlango tu.

1. Azima simu ya mwenzako, toa ile karatasi kwenye nailoni, piga huduma kwa wateja, omba laini yako ifungwe. Fanya hivi hata kama umeiona simu ikizama kwa macho yako, maana uliyodhani imezama huenda imeangukia kwenye chombo cha watu.
2. Wapigie nyumbani uwaambie wasipokee ombi lolote la pesa kutoka namba yako mpaka uwaambie.
3. Ukifika bara, nenda na kitambulisho chako ukarudishiwe laini ile ile. Namba ni ile, salio ni lile.
4. Weka namba mpya ya siri.

Kama kitambulisho nacho kimekwenda na maji, anzia kituo cha polisi upate abstract. Ndiyo maana tulisema kisikae pamoja na simu.

Na la mwisho, tusilikwepe

Kila kijiji cha pwani kinajua mtu aliyetoka alfajiri asirudi. Tunapokea familia ambazo zinajua marehemu alikuwa na akiba, lakini hazijui kwenye laini ipi, maana alikuwa na laini tatu. Pesa ile haipotei. Familia ikileta hati ya kifo na uthibitisho wa warithi, utaratibu upo. Ila lazima kwanza wajue waulize wapi.

Kwa hivyo usiku wa kuondoka, ukishafunga mizigo, mwambie mtu mmoja nyumbani maneno mawili: namba yangu ya pesa ni hii, na akiba yangu iko hapa. Namba ya siri usimpe. Hiyo baki nayo mwenyewe. Kisha ingieni chomboni, na Mungu awape bahari shwari na nyavu nzito.