Pochi Zilizovuka Maji: Rekodi za Mwanza na Ukanda wa Ziwa

Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, takribani kilometa za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Ukerewe ndicho kisiwa chake kikubwa zaidi. Rekodi hizo tulifundishwa shuleni. Ziko rekodi nyingine, na hizo ndizo zinazomgusa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mwanawe aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe.

Safari ya kasi ya kukumbukwa kwenda kisiwani ilikuwa ya dawa. Mwaka 2018, kampuni ya DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengenezaji wa droni Wingcopter walikamilisha majaribio ya miezi sita ya ndege isiyo na rubani: kilometa 60 juu ya maji kwa wastani wa dakika 40. Ukizunguka kwa barabara na kumalizia na kivuko, ni kilometa 240, kama saa sita. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini mgonjwa wa Ukerewe anahitaji dawa hata baada ya majaribio kwisha, kwa hiyo nafasi ya kwanza siipeleki huko.

Naipeleka kwenye makubaliano ya mitandao ya simu, ambayo hakuna aliyetoka nje kuyatazama angani. Kabla yake, kila mtandao wa simu ulikuwa kisiwa. Ukimtumia fedha mtu wa mtandao mwingine, haikuingia kwenye pochi yake ya simu. Alipata namba ya siri, akaenda kwa wakala wa mtandao wako kutoa taslimu. Wafanyabiashara wakatembea na laini mbili, tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakafungua milango. Vodacom ikaingia 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kuunganisha pochi za simu, na Benki Kuu ilifika hapo kwa kuyaacha makampuni yajadiliane kanuni zao, yenyewe ikisimamia. Tangu hapo mchuuzi anamlipa mvuvi bila kuuliza yuko mtandao gani.

Mwaka huohuo wa 2014 Tigo Pesa, huduma ya fedha ya Tigo, ikawa ya kwanza duniani kuwagawia wateja faida iliyozaliwa na fedha zao zinazohifadhiwa benki. Aliyeacha salio dogo naye alipata chake. Kwangu hiyo ni haki, na ninasikitika kwamba haizungumzwi vya kutosha.

Kishindo kikubwa zaidi kilitoka Dodoma. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yalikuwa makubwa. Ndani ya miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Sasa mwalo unaolipana kwa simu umepona. Unaohitaji noti mkononi kila jioni, kununua mafuta ya taa za karabai na kulipa vibarua, bado unakatwa.

Mlango mwembamba kuliko yote ni alama ya kidole. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa kidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Usajili huo unazuia matapeli, na ninauunga mkono. Ila mvuvi anayehama kambi hadi kambi akifuata dagaa, asiyekuwa na namba hiyo, hutumia laini ya mwenzake, na akiba ya msimu mzima hukaa kwenye jina lisilo lake.