Muhula Mmoja wa Sheria Ujerumani

Katika mazungumzo ya leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kutuuliza nyumbani kwetu. Kila mmoja alikuwa na barua ya mtoto wake asomaye sheria katika chuo kikuu, na barua zote mbili zilisema karibu neno moja: imepatikana nafasi ya kwenda Ujerumani kusoma muhula mmoja, kisha kurudi, yatakiwa ridhaa ya mzazi, na fedha. Yule wa kwanza, mzee wa makamo, alitaka kujua kama habari hiyo ni ya kweli. Wa pili, mama mjane, hakuwa na shaka ya ukweli wake. Alitaka kujua kama auze shamba.

Wote wawili tuliwajibu kwa swali. Je, mtoto amekwisha kuandikiana na chuo chake juu ya masomo atakayoyasoma huko, na hati ile imetiwa sahihi? Hawakujua. Basi hilo ndilo la kwanza kulijua, maana muhula wa ng'ambo hupatikana au hupotea kabla eropleni haijaondoka Dar es Salaam.

Zamani shauri hili halikuwako kwa namna hii. Kabla ya mwaka 1961 mtu wa Afrika ya Mashariki aliyetaka kuwa wakili hakuwa na chuo kikuu cha sheria karibu. Ilimpasa kuvuka bahari na kukaa huko miaka. Wengi walikwenda London, wakajiandikisha katika mojawapo ya nyumba nne za mawakili, yaani Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Huko, pamoja na mitihani, mwanafunzi alipaswa kuhudhuria chakula cha jioni katika ukumbi wa nyumba yake, na idadi ya karamu hizo ilihesabiwa. Asiyekula hakuitwa kuwa wakili, hata awe hodari namna gani. Watu hucheka wasikiapo hayo, lakini ni kweli. Kisha kamati iliyoongozwa na Lord Denning ikatoa shauri kwamba sheria ifundishwe hapa hapa, na mwezi wa Oktoba 1961 kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam. Tangu hapo mtoto wetu aweza kuwa wakili bila kupanda meli. Kwa hiyo aendaye ng'ambo leo kwa muhula mmoja hafuati uwakili huko. Afuata kitu kingine, na yafaa mzazi akijue.

Kitu chenyewe twaweza kukieleza kwa ng'ombe. Tuseme Juma amemteua ng'ombe mmoja mwekundu mnadani. Ameafikiana bei na Masanja, ametoa arubuni, na kwa kuwa jua limekwisha kuchwa amesema atakuja kumchukua asubuhi. Usiku radi ikampiga yule ng'ombe, akafa zizini mwa Masanja. Hasara ni ya nani?

Sheria yetu ya kuuziana mali ilifuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893. Kwa sheria hiyo, kama wawili hao hawakuafikiana vingine, ng'ombe aliyeteuliwa huwa mali ya mnunuzi mara mapatano yakamilikapo, ijapokuwa hajamchukua wala hajamaliza bei. Na hatari huifuata mali. Basi ng'ombe aliyekufa ni wa Juma, tena salio la bei adaiwa. Mkivuka kwenda Ujerumani mtakuta jibu jingine. Kitabu chao cha sheria za madai, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, chenye vifungu zaidi ya 2,300, chatenga mambo mawili ambayo sisi twayaona kuwa moja. Kifungu cha 433 chasema juu ya mapatano ya kuuza, nayo ni ahadi tu. Kifungu cha 929 chasema juu ya kuhamisha mali yenyewe, na hilo kwa kawaida hutimia mkononi, kitu kikabidhiwapo. Na kwa kifungu cha 446 hatari humwendea mnunuzi siku ya kukabidhiwa. Ng'ombe aliyekufa ni wa Masanja. Bei hawezi kuidai, na arubuni atairudisha.

Ng'ombe ni yule yule na radi ni ile ile, lakini hukumu ni mbili, na kila moja ina akili yake. Mwanafunzi aliyekaa katika sheria ya kwanza tu hudhani kwamba haiwezi kuwa vingine. Sheria yetu ya Bara imejengwa juu ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mwanafunzi wetu hufundishwa kutafuta kwanza hukumu za kale, majaji waliotangulia walisema nini. Mwenzake wa Kijerumani hufundishwa kuanza na kifungu, aulize: nani adai nini kwa nani, na kwa kifungu gani? Kisha ajibu hatua kwa hatua, asiruke hata moja. Aingiapo mtihanini huruhusiwa kuingia na kitabu chenyewe cha sheria, maana hapimwi kwa kukariri. Miezi minne ya kufikiri kwa njia hiyo, kisha kurudi kwa ile ya kwanza, ndiyo faida ya safari, na sisi twaiona si haba.

Lakini kwa sababu sheria hizo mbili hazifanani, ndipo hatari inapoingia. Mwanafunzi wa uganga akijifunza mifupa ya mkono Ujerumani, mifupa ni ile ile ya Mbeya. Mwanafunzi wa sheria akisoma huko sheria ya ardhi, amesoma ardhi ya Wajerumani. Chuo chake kitamwambia, na kwa haki, kwamba sheria ya ardhi ya Tanzania hajaisoma. Kwa hiyo masomo yaliyo nguzo, kama mikataba, jinai, ushahidi, katiba, ardhi na mwenendo wa mashauri, ayasome nyumbani. Akumbuke kwamba baada ya digrii bado yamngoja mafunzo ya Shule ya Sheria ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko ataulizwa sheria ya hapa. Ng'ambo achague masomo yavukayo mipaka: sheria ya mataifa, haki za binadamu, sheria ya bahari, biashara baina ya nchi na nchi, sheria za Umoja wa Ulaya, na kulinganisha sheria. Mengi katika hayo hufundishwa kwa Kiingereza. Sheria ya Wajerumani yenyewe hufundishwa zaidi kwa Kijerumani, na asiyejua lugha hiyo atakaa darasani kama mgeni arusini. Afadhali aanze kujifunza mapema. Goethe-Institut iko Dar es Salaam.

Hati tuliyoitaja mwanzo huitwa mkataba wa masomo. Ndani yake huandikwa kila somo atakalosoma huko, na mbele yake somo la hapa litakalohesabiwa kuwa limekwisha. Sahihi ni tatu: ya mwanafunzi, ya chuo chake, na ya chuo kimpokeacho. Huko Ulaya kazi ya mwanafunzi hupimwa kwa krediti. Muhula una krediti 30, na kila moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, pamoja na kusoma peke yake. Akichukua nusu ya hizo kwa sababu mji ni mzuri, atarudi na nusu ya muhula. Na kama akifika huko akaona somo moja limefutwa, jambo litokealo mara nyingi, asichague jingine kwa nafsi yake. Aandike nyumbani upesi, mkataba ubadilishwe, sahihi zitiwe tena.

Twasema haya kwa uchungu kidogo. Mtoto wa jirani yetu, kijana mwenye bidii, alikwenda na barua ya kukaribishwa tu, bila mkataba. Alirudi na vyeti vizuri. Masomo yake mawili hayakufanana na lolote la chuo chake, yakaachwa. La tatu alikuwa amepata alama 9, na karani aliyepokea karatasi akaona chini imeandikwa kwamba alama za juu kabisa ni 18. Akagawanya, akaandika nusu. Sasa sikilizeni. Katika vyuo vya sheria vya Ujerumani alama hutoka 0 hadi 18, lakini kufaulu huanza kwenye 4, na apataye 9 katika mtihani wa serikali huhesabiwa miongoni mwa wachache, hata waajiri humtafuta. Kijana alikuwa amefanya vizuri kuliko wenyeji wengi wa darasa lake, na nyumbani akaandikwa kama mtu aliyeponea chupuchupu. Aliurudia muhula mzima, na baba yake akalipa ada mara ya pili. Laiti kanuni ya kugeuza alama ingaliandikwa kabla ya safari, pasingalikuwa na neno.

Sasa fedha, na yule mama wa shamba. Vyuo vikifanya mapatano ya kubadilishana wanafunzi, mgeni kwa kawaida halipi ada ya masomo kule. Hulipa ada yake nyumbani kama siku zote. Mtu akija kijijini akasema, lipa kwangu ada ya kushikiwa nafasi, mwanafunzi aende kwanza kuuliza katika ofisi ya chuo chake. Zipo gharama za kweli. Serikali ya Ujerumani hutaka kuona, kabla ya kutoa viza, kwamba mgeni ana riziki yake. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichotakiwa ni euro 992 kwa kila mwezi. Kwa miezi sita ni euro 5,952. Asiye na mfadhili huziweka katika hesabu ya benki iliyofungwa, asiweze kutoa zaidi ya fungu la mwezi. Hiyo si ada wala si malipo kwa serikali. Ni fedha yake mwenyewe, ataila huko kidogo kidogo. Mama yule alidhani ni ada, na kwamba ikilipwa imekwenda.

Aliye na barua ya ufadhili huonyesha barua hiyo badala ya fedha. Mpango mkubwa ni ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus, ulioanza mwaka 1987 kwa nchi za Ulaya peke yake, na ambao siku hizi huchukua pia wanafunzi wa nchi nyingine ikiwa vyuo viwili vimeandikiana. Katika kipindi kilichoanza 2021 mwanafunzi atokaye nchi kama yetu aliwekewa euro 800 hadi 900 kwa mwezi, pamoja na msaada wa nauli. Ila fedha hizo mara nyingi humfikia baada ya kuwasili, naye atadaiwa kodi ya chumba siku ya kwanza. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi yafaa iambatane na akiba ya majuma machache. Shamba si lazima. Tulimwambia hivyo, akashusha pumzi.

Juu ya wakati: muhula wao wa baridi ni kutoka 1 Oktoba hadi 31 Machi, na wa kiangazi kutoka 1 Aprili hadi 30 Septemba, lakini mafundisho yenyewe huwa katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Februari, na katikati ya Aprili hadi katikati ya Julai. Yapasa kuzilinganisha na kalenda ya chuo cha nyumbani, asije akakosa mitihani ya huku kwa kungoja ya huko. Mwaka wa kwanza ni mapema mno, maana bado hana sheria yake mwenyewe ya kulinganisha; mwaka wa mwisho ni kuchelewa. Na maandalizi yaanze mwaka mzima kabla: pasipoti, mkataba, bima ya ugonjwa, chumba, kisha miadi ya ubalozi, ambayo huenda ikangojwa kwa majuma mengi. Akifika, ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili tangu kuingia nyumbani mwake. Na awe na koti.

Jambo moja zaidi halimo katika mkataba wowote, nalo halina malipo. Mahakama za Ujerumani, kama zetu, huketi wazi kwa watu wote isipokuwa kwa sababu maalumu. Mwanafunzi aingie, akae nyuma. Katika kesi nyingi za jinai ataona raia wawili wa kawaida, pengine seremala na mwalimu, wameketi pamoja na hakimu. Kwetu, katika kesi kubwa za Mahakama Kuu, wazee wa baraza kwa miaka mingi walitoa maoni yao, na jaji hakufungwa nayo. Wale wawili wa Ujerumani hupiga kura, na kura ya kila mmoja ni sawa na ya hakimu. Na akiwa Hamburg, ipo huko Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoanza kazi mwaka 1996.

Kabla ya kuondoka kurudi, apite ofisini kuomba cheti cha kuhudhuria chenye tarehe ya kufika na ya kuondoka, na aulize orodha ya alama itatumwa lini. Alama za sheria hukawia, kwa kuwa karatasi zasahihishwa kwa mkono, na orodha huweza kufika miezi miwili baada ya mwenyewe kufika. Anwani aiache iliyoandikwa wazi, iwe ya chuo, wala si ya rafiki. Mtoto wa yule mama aliondoka mwezi wa Machi akiwa na nakala mbili za mkataba wake. Moja aliichukua, na moja iko sandukuni kwa mama yake, pamoja na hati ya shamba.