Dhana ya Daraja la Joto katika Kuta za Nguzo za Feleji: Mfano wa Kasumulu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo la wanaokadiria kwa kompyuta matumizi ya nishati ya majengo: namna ya kuzihesabu nguzo za feleji zilizofichika ndani ya ukuta. Hoja yetu ni kwamba istilahi daraja la joto, ijapokuwa ni tafsiri sisisi, inaibeba dhana hiyo barabara, ilimradi maana ya daraja izingatiwe.

2.0 Tatizo

Nyumba za jadi za Wanyakyusa wa Kyela zilijengwa kwa mianzi. Mwanzi na udongo wa kukandika havitofautiani mno katika kupitisha joto. Kwa hiyo wastani wa maeneo yake hutosheleza hesabu. Ukuta wa feleji ni kinyume chake. Upitishaji joto wa feleji ni takriban wati 50 kwa mita kwa kila digrii, ilhali wa sufi ya nyuzi za kioo inayojazwa kati ya nguzo ni takriban 0.04. Tofauti hiyo inazidi mara 1,000.

Programu nyingi huuchukulia ukuta kuwa ni matabaka yaliyo sawa kila mahali. Anayeingiza tabaka la sufi peke yake huwa amezifuta nguzo. Anayegawa ukuta kwa maeneo naye hukosea, kwani joto halisafiri kwa mistari iliyonyooka.

3.0 Mfano wa Mto Songwe

Magari yanayotoka Kasumulu kwenda Malawi hayauvuki Mto Songwe popote yanapoukabili. Huelekea kando mpaka darajani. Upana wa daraja ni mdogo, lakini linalopitisha ni mzigo wa eneo kubwa. Vivyo hivyo, joto la ubao wa nje huvutwa kando hadi kwenye ukingo uliokunjwa wa nguzo, likapenya hadi ndani.

Kutokana na hali hiyo, kiwango cha 90.1 cha ASHRAE, jumuiya ya wahandisi ya Marekani, kinapunguza thamani ya sufi. Katika nguzo za kina cha inchi 3.5 zilizoachana kwa inchi 16, sufi yenye ukinzani wa 13 kwa vipimo vya Marekani huhesabiwa kuwa 6, yaani asilimia 46. Hiyo 6 ndiyo inayopaswa kuingizwa katika programu.

Katika nyumba ya madirisha wazi suala hili halina uzito mkubwa. Lakini ofisi yenye kiyoyozi katika joto la Kyela, ikikadiriwa kwa 13, itatumia umeme kuliko ilivyotarajiwa.

4.0 Hitimisho

Huenda baadhi ya wataalamu wakapendelea neno kipitishi. Neno hilo linataja tabia ya kitu, wala halitaji mahali kilipo. Feleji iliyo upande mmoja tu wa sufi ni kipitishi, lakini si daraja. Huwa daraja pale tu inapounganisha ng'ambo mbili. Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi daraja la joto iendelee kutumika.