Sababu za Kutogusa Mwili wa Marehemu Kabla ya Polisi na Daktari Kufika

Mtu anapokutwa amefariki shambani, kando ya mto au ndani ya nyumba aliyoishi peke yake, huulizwa mambo mawili: amekufa kwa sababu gani, na amekufa lini. Jibu la swali la pili huweza kumtia mtu hatiani au kumwondolea tuhuma. Aliyekuwa mnadani mbele ya mashahidi hawezi kuwa shambani wakati huohuo.

Daktari huutafuta wakati huo kwa kuyasoma mabadiliko ya mwili wenyewe. Moyo ukisimama, damu huteremka kwa uzito wake na kutuama upande wa chini, ikifanya mabaka ya zambarau ambayo kwa kawaida huanza kuonekana ndani ya saa 2. Katika saa za mwanzo mabaka hayo huweza kuhama mwili ukigeuzwa. Baada ya saa 8 hadi 12 hivi, hubaki palepale. Mabaka ya mgongoni kwa maiti iliyokutwa kifudifudi humweleza daktari kwamba kuna aliyeigeuza. Hapo ndipo jirani mwenye nia njema, aliyemlaza marehemu vizuri, anapoweza kuupotosha uchunguzi pasipo kujua.

Misuli nayo hukakamaa. Dalili huonekana mapema kwenye kope na taya, takriban saa 2 hadi 4 baada ya kifo, na kufikia saa 12 hivi mwili mzima huwa mgumu. Baadaye hulegea tena kadiri misuli inavyoharibika, na penye joto hatua zote hizo huenda haraka zaidi. Mkono uliokwisha kukakamaa ukinyooshwa kwa nguvu hulegea na haukakamai tena, hivyo daktari hupoteza kipimo.

Kupoa kwa mwili, kipimo kinachotegemewa sana katika nchi za baridi, husaidia kidogo katika maeneo yetu ya tambarare, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 37 za mwili wa mtu aliye hai. Siku zikipita, hutazamwa dalili za kuoza na umri wa funza, kwa kuwa nzi huweza kutaga mayai juu ya maiti ndani ya saa chache.

Hata hivyo, daktari makini hatataja saa na dakika. Atataja kipindi, nacho hupanuka kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo maelezo ya majirani yana uzito mkubwa: marehemu alionekana lini mara ya mwisho, taa yake ilizimwa lini, nani alizungumza naye kwa simu.

Haraka ya kumstiri marehemu inaeleweka, na kwa familia nyingi ni wajibu wa dini. Lakini katika kifo cha ghafla au chenye utata, mwili usioshwe, usigeuzwe wala usihamishwe, isipokuwa kama kuna dalili yoyote ya uhai, ambapo kuokoa maisha hutangulia. Watu na mifugo wazuiwe kusogea, na taarifa ipelekwe mara moja kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na kituo cha polisi kilicho karibu. Aliyekwisha kuugusa mwili aeleze bila kuficha aliukuta umelalaje, saa ngapi, na alifanya nini, ili daktari alizingatie hilo anapokadiria.